Jibu: Divai ya Barolo nyepesi kwa rangi, mbona inakaza ulimi?

Ndugu, hujauziwa feki. Umesema Barolo yako, divai ya Piemonte kaskazini mwa Italia, ilikuwa nyekundu iliyopauka halafu ikakukausha mdomo. Ndivyo zabibu ya Nebbiolo ilivyo. Rangi haba, tanini (kile kinachokausha mdomo) tele. Ule ukakasi ni kama wa bibo la korosho. Sheria inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo kwenye pipa la mbao, na bado ikiwa changa huwa kali. Mimi ningeifungulia nyama iliyopikwa polepole, yenye mafuta, si kuinywa kavukavu.

Kwa kuanzia, baki hukohuko Piemonte lakini chukua divai ya Barbera: rangi nzito, uchachu wa kuamsha mate, tanini kidogo, na bei haiumi. Halafu shuka Toscana, katikati ya Italia, kwenye divai ya Chianti Classico, ambayo angalau asilimia 80 ni zabibu ya Sangiovese. Hiyo na mchuzi wa nyanya ni ndugu wa damu.

Amarone, divai nyingine ya Italia, iache kwanza. Zabibu zake hukaushwa miezi kadhaa kabla ya kukamuliwa, kwa hiyo kileo hupanda hadi asilimia 15 au zaidi. Glasi mbili tu, utatafuta funguo ulizoshika mkononi.