Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kubadili Jeni za Nyanya

Juzi nilimkuta kijana wetu mmoja akiandika daftarini kwa furaha kwamba amepata laini 9 huru, yaani mimea 9 ambayo kila mmoja umetokana na tukio lake lenyewe la jeni kuingia. Nilipoitazama sahani yake, machipukizi yote 9 yalikuwa yametoka kwenye vipande viwili tu vya kotiledoni, yaani majani ya mbegu. Kosa hilo ninalijua vizuri mno, na ndilo lililonifanya niandike.

1. Kata kotiledoni kabla jani la kwanza la kweli halijachomoza, na ubadilishe wembe mara unapoanza kubutuka.

2. Zeatini, homoni inayochochea machipukizi, ichujwe na iongezwe baada ya otoklevu (mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke), midia, yaani chakula cha tishu, ikiwa imepoa kiasi cha kushikika mkononi.

3. Laini huhesabiwa kwa vipande, haihesabiwi kwa machipukizi. Nilipokuwa mwanafunzi nilipata machipukizi 14, nikalihamishia kila moja kwenye chupa yake na kuyapa namba 1 hadi 14, bila kuandika popote lipi limetoka kwenye kipande kipi. PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA mpaka kionekane) ya jeni ya ukinzani wa kanamaisini, dawa inayozuia tishu zisizo na jeni hiyo, ikaonyesha bendi kwa yote, nami nikamwambia msimamizi wangu kwamba kazi imekamilika. Niliyakuza mpaka yakazaa, nikaosha mbegu, nikazikausha na kuziweka kwenye bahasha 14. Ndipo yalipotoka matokeo ya Southern, kipimo kinachoonyesha jeni imeingia mahali pangapi kwenye DNA ya mmea. Msimamizi aliinua filamu kwenye mwanga: sampuli 11 zilikuwa na bendi mbili zilezile, kwa kimo kilekile, na 3 hazikuwa na bendi hata moja. Akaniuliza kwa upole, “Haya yalitoka kwenye vipande vingapi?” Nilifungua daftari nikijua kwamba jibu halimo. Yale 11 yalikuwa tukio moja la kuingia kwa T-DNA (kipande cha DNA kinachobeba jeni), lililogawanyika ndani ya kalasi moja, yaani donge la seli linaloota kwenye kipande; yale 3 hayakuwa na jeni kabisa, na bendi za PCR zilikuwa zimetokana na agrobakteria, wale bakteria tunaowatumia kuingiza jeni, waliobaki hai ndani ya tishu licha ya timentini, dawa ya kuwaua. Karibu mwaka mzima wa kazi ulibaki laini moja.

Tangu siku hiyo kila kipande hupewa namba chini ya sahani, na chipukizi la pili la kipande cha 7 huitwa 7-2 hadi mwisho wa maisha yake. Tena siamini PCR yoyote isiyoambatana na praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoielekeza PCR) za virG, jeni ambayo bakteria anayo lakini haiingii kwenye mmea; ikionekana, bakteria bado yumo.

4. Ukijani pekee usikudanganye, kwa sababu chipukizi lisilo na jeni huweza kukingwa na tishu za jirani yake. Subiri lioteshe mizizi ndani ya kanamaisini, nawe ulikate bila kubakiza kalasi kwenye shina. Nimelisema hili mara nyingi, na bado kila mwezi naletewa chupa zenye donge la kalasi na shina lisilo na mzizi.

5. Nyanya zilizokuzwa kutoka kwenye tishu mara nyingine huwa tetraploidi, yaani zina seti nne za kromosomu badala ya mbili, na kloroplasti (chembe za kijani) zao huwa nyingi zaidi; kwa hiyo zihesabu kwenye seli zinazozunguka vitundu vya jani kabla ya kuhamishia mmea udongoni.

Jana nilikaa na kijana yule, tukaandika upya ukurasa wake: laini zisizozidi 2, mpaka Southern iseme. Kwenye sahani nyingine ana vipande 60 ambavyo kingo zake ndiyo kwanza zinaanza kuvimba, na kabla hatujaondoka kila kimoja kilikuwa kimepata namba yake.