Ripoti ya DNA imeniwekea alama nyekundu: je, nitolewe tumbo?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Baba yangu alifariki kwa saratani ya tumbo akiwa na miaka 63. Baba mkubwa naye aliugua hiyohiyo miaka michache kabla yake. Mimi nina miaka 38 na siumwi, ila kiungulia cha mara mojamoja ambacho nakituliza kwa omeprazole. Mwezi uliopita nilituma mate kwa kampuni inayopima DNA. Ripoti imerudi na alama nyekundu: jeni ya PSCA, nafasi rs2294008, "T/T", hatari mara 1.5. Nimesikia kuna watu wanaotolewa mfuko wote wa tumbo kabla hata saratani haijaanza. Je, na mimi nifikirie hilo? Na wanangu wawili niwapime?

JIBU: Pole sana kwa kuondokewa na wazee wako. Hapana, kwa ripoti hiyo peke yake hakuna daktari anayepaswa kukutoa tumbo. Lakini baba na baba mkubwa, wote wawili, hilo silipuuzi hata kidogo. Linahitaji karatasi nyingine kabisa, nitaifikia.

Kwanza hiyo T/T, maana ndiyo iliyokunyima usingizi. DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni 3, na kwenye sehemu nyingi sana tunatofautiana herufi moja tu. Hapo kwenye PSCA wengine wana C, wengine T; "T/T" ni kwamba nakala zako zote mbili, ya baba na ya mama, ni T. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitangaza kwamba T inaonekana zaidi kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo, hasa ile aina inayotawanyika. Sawa. Ila Wajapani walio wengi wana angalau nakala moja ya T hiyo, na wengi wao wanazeeka bila kuugua saratani hiyo. Tena herufi hiyohiyo inaelekea kumpunguzia mtu vidonda vya duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo), na C ndiyo inayovisogeza karibu. Sasa hapo tuiite jeni mbaya au nzuri?

Na "mara 1.5" maana yake nini? Mara 1.5 ya ngapi? Tuchukue mfano wa hesabu tu: kama katika watu 1,000 wasio na T wataugua 10, basi kati ya 1,000 wenye T/T wataugua 15. Watu 985 hawaugui. Ile rangi nyekundu imewasahau hao 985.

Wanaotolewa tumbo wakiwa wazima ni kundi lingine. Mwaka 1998 huko New Zealand, timu ya Parry Guilford ilichunguza ukoo wa Wamaori uliokuwa ukipoteza watu kwa saratani ya tumbo kizazi baada ya kizazi, wengine wangali vijana. Wakakuta jeni iitwayo CDH1 imeharibika. Jeni hii hutengeneza E-kadherini, protini inayozishikamanisha seli za utando kama saruji kati ya matofali. Mwenye tatizo huzaliwa na nakala moja mbovu na moja nzima. Siku nakala ile iliyo nzima ikiharibika ndani ya seli, seli hiyo inakosa cha kushikilia.

Kazi yangu ni patholojia, kwa hiyo nikueleze ninachokiona kwenye hadubini nikichunguza matumbo yao. Hakuna uvimbe. Kuna seli moja hapa, tatu pale, zimejaa ute hadi kiini kimesukumwa ukingoni, na seli nzima inafanana na pete yenye kito. Zimejificha chini ya utando ambao kwa juu hauna hata mkwaruzo. Kamera inayoshushwa tumboni kupitia mdomoni inaweza kupita juu yake mara tatu na daktari mzuri tu asione kitu. Hiyo ndiyo sababu watu wenye CDH1 mbovu hushauriwa kutolewa mfuko mzima badala ya kungojea kuchunguzwa kila mwaka. Hatari yao nayo imepimwa upya: zamani tuliwatajia wanaume hadi 70%, lakini tafiti za 2019 zilishusha hadi karibu 42% kwa wanaume na 33% kwa wanawake. Wanawake wana pia hatari kubwa ya saratani ya matiti ya aina ya lobula, yaani inayohusu vitezi vya maziwa.

Ripoti yako ya mate haisemi lolote kuhusu hayo. Vipimo vya namna hiyo kwa kawaida husoma herufi chache zilizochaguliwa, havisomi jeni nzima toka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo usidhani umeonekana salama kwenye CDH1. Haijaangaliwa.

Ndiyo nafika kwenye karatasi. Nenda hospitali alikotibiwa baba, omba nakala ya majibu ya patholojia, na ya baba mkubwa pia kama inawezekana. Tangu Pekka Laurén wa Ufini alipoziainisha mwaka 1965, tunazigawa saratani hizi katika aina mbili kubwa: aina ya utumbo, ambayo seli zake bado zinajipanga kama vitezi, na aina ya kutawanyika, yenye zile seli za pete. Ikiwa mmoja wa wazee hao alikuwa na ya kutawanyika, wagonjwa wawili katika familia wanatosha kuomba CDH1 isomwe kikamilifu, hata kama waliugua uzeeni. Ikiwa zote ni za aina ya utumbo, CDH1 inakaa mbali. Karatasi imepotea? Maabara nyingi hutunza kwa miaka vipande vya nyama ya mgonjwa vilivyohifadhiwa ndani ya nta, waulize. Ulizia pia kwenye ukoo habari za saratani ya utumbo mpana, mfuko wa uzazi, matiti na ovari, kwani zinaweza kuelekeza kwenye jeni nyingine.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, na ningependa ungeanza nalo. Familia hairithishani jeni tu. Hurithishana pia bakteria wa tumboni, H. pylori, ambaye wengi humpata utotoni wakiwa nyumbani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka kwenye orodha ya visababishi vya uhakika mwaka 1994. Na jeni na bakteria hawafanyi kazi kila mmoja kivyake. Utafiti wa Japani wa 2023 uliangalia watu wenye hitilafu kwenye jeni za kukarabati DNA, kama BRCA1 na BRCA2. Wenye hitilafu na bakteria pamoja, hatari yao ya saratani ya tumbo hadi miaka 85 ilikuwa 45.5%. Wenye bakteria bila hitilafu, 14.4%. Wenye hitilafu bila bakteria? Chini ya 5%. Jeni huwezi kuibadilisha, ila bakteria huyu unaweza kumtoa kwa dawa za siku 14.

Korea Kusini walilijaribu hilo kwa watu kama wewe hasa, wenye mzazi, ndugu au mtoto aliyeugua. Walikuwa 1,676 wenye bakteria. Baada ya miaka kama 9, waliopewa dawa waliugua 10, waliopewa dawa bandia 23. Kati ya wale 10, watano bakteria alikuwa hajatoka. Ndiyo maana nasisitiza kurudia kipimo wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza dozi.

Pima kwa pumzi au kinyesi. Kile cha damu kinaonyesha kingamwili, ambazo hubaki hata bakteria akishaondoka. Na omeprazole yako iache wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kusema hayupo kumbe yupo. Kwa historia ya wazee wako mwombe daktari kipimo cha kamera pia, na usingoje zamu ukianza kukonda bila sababu, kutapika damu au kupata choo cheusi.

Watoto waache kwa sasa. T ya PSCA hakuna daktari atakayeifanyia kitu. Bakteria hatumtafuti kwa mtoto asiyeumwa. CDH1 ni suala la kuzungumza nao wakishakuwa watu wazima, na ni pale tu itakapopatikana kwako kwanza, maana kama wewe huna, hawakuipata kupitia kwako.