Fildi ya makumbusho: maswali yenu wiki hii

Nimepangiwa fildi ya wiki nane katika makumbusho ya historia hapa Dodoma. Wenzangu wananicheka eti nitashinda nafuta vumbi. Ni kweli?

Ni kweli, na usilidharau vumbi la Dodoma. Kiangazi chetu huanza Mei na kugota Novemba, na upepo wake hupenya hadi kwenye kabati la kioo. Tumia brashi laini, kavu. Kibuyu usikiguse na kitambaa kibichi. Ukikilowesha kinaota ukungu, na masizi ya jikoni, ambayo ni sehemu ya historia yake, yanaondoka.

Utajaza rejesta pia: namba, vipimo, kijiji kilikotoka, aliyekileta. Namba haiandikwi moja kwa moja juu ya kitu. Unapaka vanishi kidogo mahali pasipoonekana, ndipo unaandika kwa wino, ili ikihitajika ifutike bila kuacha alama. Nguo hushonewa utepe.

Posho ipo?

Mara nyingi hakuna. Uliza kabla ya kuripoti, usione haya.

Mhifadhi amenirudishia mara tatu maelezo ninayoandika ya kubandikwa kando ya ngoma. Anataka maneno 60 tu! Mila nzima nitaielezaje?

Usiieleze nzima. Mimi niliwahi kuandika "Ngoma ya Wagogo, mti na ngozi" nikajiona nimemaliza. Akaja bibi mmoja, akasomewa, akacheka mpaka akakaa chini. "Mjukuu wangu, mti na ngozi naviona. Mbona hujasema hii ni ya muheme, mchezo wetu wa ngoma, tunapiga sisi wanawake, tumeibana mapajani?" Nilifuta yote, nikaandika ya bibi. Hayakufika hata maneno 40. Kabla ya kuandika tena, mtafute aliyewahi kuipiga.

Babu yangu aliyeko kijijini Mvumi ana zeze la zamani. Niwaletee makumbusho nipate sifa?

Zeze ni la babu, sifa zako zisubiri. Akikubali, mweleze kwamba kutoa na kuazimisha ni vitu viwili. La kuazimisha lina fomu: litakaa muda gani, na likivunjika nani anawajibika. Asomewe mbele ya mtu wa nyumbani anayemwamini.

Kwanza lakini mrekodi akilipiga, aseme alifundishwa na nani. Kwenye kabati zeze halilii. Na usilipake mafuta ling'ae. Nyuzi zilizokatika ziache hivyohivyo.