Vifaa vya maabara havina msimbo mmoja wa forodha

Dada, umeuliza kama shehena yako yote iandikwe "vifaa vya maabara" chini ya msimbo mmoja, yaani namba moja ya kupanga bidhaa forodhani. Hapana, usikubali hata wakala wa forodha akisema ndiyo njia ya mkato. Kila kitu hupangwa peke yake.

Vyombo vya kioo, yaani bika, bireti na neli za majaribio, ni 7017, viwe na alama za vipimo au la. Hapo angalia aina ya kioo: borosilikati (kioo kinachostahimili joto) ni 7017.20. Lakini kipimajoto, japo ni cha kioo, kinakwenda 9025. Pipeti za plastiki haziwezi kukaa na za kioo. Hizo ni 3926, na ndipo wengi wanapokosea. Vya kauri ni 6909. Hadubini ya kawaida ni 9011, sentrifuji (mashine ya kutenganisha sampuli kwa kuizungusha kwa kasi) 8421, vitendanishi vya maabara (kemikali za kupimia) vilivyotayarishwa 3822.

Kwa hiyo mwombe muuzaji aandike kwenye ankara kila kifaa, malighafi yake na kazi yake. Ukibaki na shaka, omba TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) uamuzi wa awali kuhusu msimbo, kwa maandishi, kabla mzigo haujafika bandarini Dar. Mzigo ukishashushwa, tozo za kuhifadhi hazisubiri mabishano.