Karabini ya .45 ACP: faida haiko kwenye kasi
Umeuliza kama risasi ya .45 ACP, iliyobuniwa kwa ajili ya bastola, inapata nguvu nyingi zaidi ikipigwa kwa karabini (bunduki fupi ya begani) kuliko kwa bastola. Kidogo tu. Ganda lake ni fupi na baruti yake huungua haraka, kwa hiyo sehemu ya mtutu inayozidi huongeza kasi kwa uchache. Kwenye bastola ya M1911 risasi nzito hutoka kwa takriban mita 255 kwa sekunde. Kwenye karabini hupanda kiasi, na kwa kawaida bado haifikii kasi ya sauti, yaani kama mita 340. Ukitaka tofauti kubwa, tazama .357 Magnum, risasi nyingine ya bastola, ambayo hutoka chini ya mita 400 kwenye bastola na kuvuka 500 kwenye mtutu mrefu.

Faida halisi ni shabaha: kitako begani, mikono miwili, tundu na ncha ya kulengea zikiwa mbali zaidi. Na huo upole wa kasi, unaoifanya risasi isitoe mlio wa mpasuko hewani, Waingereza waliutumia vizuri ajabu kwenye De Lisle, karabini ya kimyakimya ya Vita vya Pili vya Dunia: mfumo wa bunduki ya Lee-Enfield, magazini ya M1911, na kizuia sauti kilichozunguka mtutu wote.