Gesi ya AC haiishi jamani: maswali yenu ya AC, hita na baridi

Kaskazi imeingia, usiku shuka halitakiwi, na kila mwenye AC ndo anakumbuka kwamba mwaka mzima haijaguswa. Simu yangu imejaa maswali, mengi yanafanana kwahiyo nimeyaunganisha, na wale walioanza na "fundi njoo sasa hivi" wenyewe wanajua nilishafika.

Fundi shikamoo. Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi na mbili AC yangu inaacha kupoza, fundi anakuja anajaza gesi elfu themanini, inapoa, mwakani hadithi ile ile. Kwani gesi ya AC inakaa muda gani? (Mama Wawili, Tabata)

Marahaba Mama Wawili. Gesi ya AC haina muda, haiishi, sio mtungi wa jikoni huu. Inazunguka tu: kompresa (pampu iliyo kwenye mashine ya nje) inaisukuma nje inatupa joto, inarudi ndani inabeba joto la chumba, inatoka nalo tena, ni gesi ile ile tangu siku mashine ilipofungwa ukutani. Jiulize friji ya mama yako iliyokaa pale sebuleni miaka kumi na tano, nani aliwahi kuja kuijaza gesi?

Sasa kama kila mwaka inajazwa basi ni moja kati ya mawili. Ama inavuja na fundi hajawahi kutafuta inapovujia, ama haijapungua hata kidogo ila mashine ni chafu. Mimi katika mizunguko yangu nakutana zaidi na hii ya pili. Filta ikiziba hewa haipiti, koili ya ndani (vile vibomba vya gesi nyuma ya filta) inapoa kupita kiasi mpaka inashika barafu, presha inashuka, fundi anachomeka geji yake anaona mshale uko chini, anakwambia "mama gesi imeisha hii". Anajaza. Unapata ubaridi kidogo, yeye anaondoka na elfu themanini yake, na mashine inabaki na gesi iliyozidi juu ya uchafu ule ule. Siku atakapokuja mwingine akaiosha vizuri presha inapaa, kompresa inaanza kuhema kama mtu aliyebeba gunia la mchele ghorofa ya nne. Kompresa ikifa, hiyo bei yake bora nisiitaje hapa.

Kwahiyo mwambie hivi, na usimwonee aibu: aoshe kwanza mashine zote mbili, ya ndani na ya nje, ndo apime. Akikuta kweli imepungua, atafute inapotokea, aanze na zile nati za maungio, apake povu la sabuni aone linapochemka, na aangalie penye mafuta mafuta, maana gesi ikitoka inatoka na mafuta ya kompresa, pale penye unyevu wa mafuta na vumbi limeganda ndo penyewe mara nyingi. Akishaziba avute hewa yote kwa pampu kabla ya kuweka gesi mpya. Fundi akikwambia pampu ya kuvuta hewa hana, mshukuru mpe maji ya kunywa aende.

Halafu angalia kibandiko cha mashine ya nje kimeandikwa gesi gani. Za zamani ni R22, zikaja za R410A, za sasa nyingi ni R32. Hazichanganywi hata siku moja. R410A inafanya kazi kwenye presha kubwa kuliko R22 kwa zaidi ya nusu yake, na R32 inaweza kushika moto, sio kirahisi kama ya kupikia lakini inashika, kwahiyo anayetaka kuchomelea paipu gesi ikiwa bado ndani huyo mtoe nje. R22 yenyewe inaondolewa duniani kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni, ni ule mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi kama zetu zimepewa mpaka 2030 kuachana nayo, ndo maana unaona bei inapanda. Ukiwa na AC ya R22 inayovuja kila mwaka, anza kuweka hela ya nyingine taratibu.

Na wewe kazi yako ni moja, filta. Fungua mfuniko wa mbele, zitelezeshe zitoke, ziweke chini ya bomba maji yapige kwa upande wa nyuma ili vumbi litoke lilikoingilia, zikauke kivulini (juani zinapinda), rudisha. Tabata kwa vumbi lile fanya kila wiki mbili. Haichukui dakika kumi. Niliwahi kutoa filta nyumba moja ikatoka na utando mzito kama kipande cha blanketi, na mwenye nyumba alikuwa ananisubiri na hela ya gesi mkononi.

AC inadondosha maji kitandani, mwenye nyumba anasema ni juu yangu mimi mpangaji. Ni kweli? (Mpangaji, Sinza)

Tuanze na maji. AC haipozi tu, inakausha hewa pia, na kwa unyevu wa Dar inakamua maji mengi usiku mmoja, ndoo ndogo inajaa. Yale maji yanashuka kwenye trei halafu yanatoka nje kwa kipaipu. Kipaipu kikiziba yanarudi kwako. Kinazibwa na ule utelezi kama kamasi unaoota ndani yake, au nyigu wa udongo wamejenga mdomoni kule nje, hao wanapenda kweli vipaipu. Zima AC, nenda nje, choma mdomo wa kipaipu kwa kijiti, halafu vuta kwa ile mashine ya kufyonza maji kama unayo, au fundi apulize kwa bloa. Usipulize kwa mdomo jamani, nimeona mtu kafanya hivyo na sitaki kusimulia kilichofuata. Kama kipaipu ni kizima basi angalia mashine isije ikawa imefungwa imeinamia upande usio wa paipu, au ni barafu inayeyuka, na hapo rudi kwenye jibu la Mama Wawili.

Kuhusu nani alipe, soma mkataba. Ukiwa kimya, mimi naona filta na kuosha ni za anayelala humo, kompresa na bodi ya umeme ni za mwenye nyumba. Ila kaka, kipaipu cha kuchoma na kijiti msigombane.

Nikiwasha tu inatoa harufu ya soksi mbichi, baadaye inapotea. (Ubungo)

Ukungu huo. Ukizima AC koili inabaki imelowa gizani, asubuhi ukungu umeshanenepa. Ioshwe koili pamoja na lile feni refu la ndani linalofanana na rola, maana mafundi wengi wanaosha koili feni wanaliacha na uchafu wote umejibanza pale. Baada ya hapo jizoeze kabla hujazima weka kwenye feni tupu dakika kumi na tano hivi ikauke. Kupulizia manukato kwenye filta ni kuvaa shati safi bila kuoga.

Naweka 16 ili chumba kipoe haraka halafu nazima. LUKU inaniua. (Bachela, Kimara)

Bachela, 16 sio mwendo, ni kituo. Kwa AC ya kawaida ukiweka 16 au 24 ubaridi unaotoka mdomoni ni ule ule, tofauti ni wapi itasimama, na kwa joto letu na madirisha yetu ya aluminiamu yanayovuja, 16 haifiki ng'o, kwahiyo kompresa haipumziki mpaka asubuhi. Ya 12,000 BTU (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza) isiyo na inveta inakula kama kilowati moja na kidogo kompresa ikizunguka, yaani uniti moja na ushee kwa saa. Ikizunguka saa nane mfululizo hizo ni uniti nane, tisa. Ukiweka 25 au 26 na feni ya dari ya taratibu, kuna muda kompresa inakata yenyewe, na hapo ndo unaokoa. Yenye inveta haizimi, inapunguza mwendo, kwahiyo hiyo ukishaiwasha iache, usiwe unawasha unazima kama taa ya choo.

Na umeme ukikatika ukarudi, subiri dakika tatu mpaka tano kabla ya kuwasha, presha za ndani zikae sawa. Ile gadi ya kuchelewesha umeme inauzwa bei ndogo kuliko kompresa na fundi wake.

Nakaa Kigamboni karibu na bahari, mashine ya nje ina miaka minne tu, mapezi (vile vibati vyembamba) yanamomonyoka kama biskuti. Nimeuziwa feki? (Mzee wa Mjimwema)

Shikamoo mzee wangu. Inawezekana sio feki, ni chumvi. Paipu ni shaba, mapezi ni alumini, hivyo viwili vikikutana na unyevu wa chumvi alumini ndo inayoliwa. Mkaazi wa Nyali au Nungwi atakusimulia hayo hayo. Dawa yake ni ya kizamani kabisa, maji baridi ya bomba. Kila mwezi zima umeme kwenye breka, chukua mpira wa bustani, mwagia mapezi taratibu chumvi iondoke. Usitumie presha wosha, inalaza mapezi yote kisha hewa haipiti. Na maji ya kisima cha chumvi usiyaguse kwa kazi hiyo, utakuwa unamwosha mtu matope kwa matope. Hiyo ya sasa imeshakwenda, ila ukinunua nyingine ulizia yenye koili iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, na isifungwe ikitazama bahari uso kwa uso, ifungwe ubavu wa nyumba ambao upepo wa kusi hauipigi moja kwa moja.

Huku Arusha hatuna shida ya AC, shida ni shawa ya umeme, ukishika bomba inakung'ata. Mume wangu anasema vaa ndala. (Njiro)

Dada, hapo acha kuoga. Namaanisha hiyo shawa isiwashwe tena mpaka ishughulikiwe, chemsha maji kwenye sufuria kwa sasa. Kung'atwa kidogo leo ndo kupigwa kweli kesho, na umelowa. Ndala sio ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini.

Shawa zile ni kilowati 5 na kitu, zinavuta ampea zaidi ya 20 kwa mkupuo, halafu unakuta mtu kaiunganisha na waya wa soketi uliotoka chumbani. Iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye breka, milimita za mraba 4 kwenda juu, na ethi inayofika kweli ardhini, fundi apime kwa mita sio kwa kukuapia. Na afunge ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inakata umeme ukianza kupita kwa mtu. Kila mwezi bonyeza kitufe hicho uone kama inaruka, isiporuka imekufa.

Wenye hita za tangi, hasa maji ya kisima kule Unguja na Mombasa kwenye mawe ya matumbawe, ndani mnajenga chokaa. Ukisikia inachemka kwa kelele kama punje za bisi, chokaa imeshafunika elementi, kile chuma kinachopasha maji. Imwagwe maji yote na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka, na kile chuma cha magnesiamu kinachojitoa mhanga ili tangi lisile kutu kibadilishwe kikibaki kama waya. Ile valvu pembeni inayodondosha tone tone wakati maji yanapashwa usiizibe, inashusha presha. Ukiiziba umetengeneza bomu bafuni.

Makete baridi ya mwezi wa sita haisemeki, tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunaacha likolee kwanza nje moshi uishe. Salama? (Mwalimu)

Hapana mwalimu. Mkaa uliokolea vizuri, usio na moshi, bado unatoa gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi kwa wingi, haina harufu, haina rangi, unasinzia na huamki. Hata kupasha chumba kabla ya kulala dirisha likiwa wazi bado ni hatari, jiko libaki nje. Kulala nalo, hapana hata kama ni dakika kumi "tu". Familia nzima zinakutwa asubuhi. Chupa za maji moto ndani ya blanketi zinatosha.

Fundi, mimi niko Columbus, Ohio, nyumba ina fanesi ya gesi (mashine ya kupasha nyumba nzima) chini huko, nimekaa miaka miwili sijawahi kuigusa na winta hii vyumba vya juu havipati moto. (Mbongo wa Ohio)

Miaka miwili! Zima, vuta filta utalia. Ipo kwenye bomba kubwa la hewa inayorudi, vipimo vimeandikwa pembeni, mfano 16x25x1 ni inchi, nunua hivyo hivyo, mshale uelekee kwenye fanesi. Hizo nyembamba ni mwezi mmoja mpaka mitatu unatupa, haziogeshwi kama zetu. Usikimbilie ile nzito kuliko zote ukidhani ndo bora, inabana hewa, MERV 8 (MERV ni kipimo cha filta inavyochuja) inatosha kwa nyumba ya kawaida. Fungua matundu yote vyumbani, usije ukawa umeyafunika kwa kochi. Theluji ikianguka angalia mabomba ya moshi nje hayajafunikwa. King'ora cha kaboni monoksaidi weka kila ghorofa karibu na wanapolala, sababu umeshaisoma kwa mwalimu wa Makete. Na kila kabla ya winta mwite mwenye leseni aangalie kibadilisha joto kisiwe na ufa, hiyo sio ya kujifunza YouTube.

Mjusi ameingia mashine ya nje, imelia paa, imezima. Nifanyeje? (Mbagala)

Pole, na mjusi naye pole. Anafuata uvuguvugu kwenye bodi, anakanyaga nyaya mbili kwa pamoja, yanakwisha. Zima breka, usifungue mwenyewe kwa sababu kapasita inabaki na umeme hata ukishazima. Fundi akifika amwambie mjusi kwaheri, aangalie fyuzi ya bodi kwanza kabla hajasema bodi nzima imeungua, maana mara nyingine ni fyuzi tu. Halafu aweke wavu mwembamba kwenye matundu ya nyaya. Wavu, sio matambara, nimekuta mtu kaziba kwa kanga nzima na jina lake limeandikwa.