Bakuli la mashine ya kung'arisha mawe limelika chini: litengenezwe au litupwe?

Mkuu, umeuliza kama bakuli la mashine yako ya mtetemo ya kung'arisha mawe, lililoanza kulika pale chini kwenye mpindo, ukuta unapokutana na sakafu ya bakuli, linafaa kutengenezwa au ndiyo basi tena, na kama epoksi inaweza kuziba. Nimefanya kazi na mashine hizi miaka mingi, za mtetemo na za pipa la kuzunguka, na mabakuli ninayotumia sasa karibu yote yana viraka. Kwa kifupi: litengeneze, epoksi iache, na kazi hiyo uifanye sasa hivi kabla halijatoboka. Kwa urefu ni hivi.

Kwanza tuelewane kinacholila bakuli. Wengi wanayalaumu mawe, kumbe mlaji ni unga wa msasa tunaoweka humo pamoja na maji ili kusugua mawe. Silikoni kabaidi, ambayo ndiyo unga wenyewe, ina ugumu unaozidi 9 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, wakati mawe kama akiki na yaspi yako karibu na 7. Punje za namba 60/90, yaani unga mkali wa hatua ya kwanza, ni kubwa, kama milimita 0.15 hadi 0.25, na kila jiwe linapobiringika linazikandamiza kwenye ukuta wa bakuli. Poliurethani, ile plastiki kama mpira iliyotengenezea bakuli, inastahimili kwa sababu ni laini: punje ikiigonga, inabonyea kisha inarudi. Plastiki ngumu haibonyei, inakwanguliwa. Shida inaanzia pale ambapo uzito wote wa mzigo unalalia, yaani kwenye mpindo wa chini, na kuzunguka kitako cha nguzo ya katikati. Hapo punje inakandamizwa mno, haina nafasi ya kuruka pembeni, na inachota kidogo kidogo kila mzunguko.

Ukilielewa hilo utaona kwa nini epoksi haifai. Ikikauka inakuwa ngumu, na bakuli linapinda na kutetema chini yake; mashine nyingi hutetema zaidi ya mara 1,500 kwa dakika. Ukingo wa kiraka unaachia kwanza, tope la maji na unga linaingia chini yake, na baada ya muda kiraka kizima kinabanduka kama gamba. Vipande vyake vinachanganyika na mawe yako. Silikoni ya kuzibia ni mbaya kwa namna nyingine: inachanika upesi, na inaacha utelezi ambao hakuna gundi itakayoshika juu yake baadaye. Kama kuna mtu alishakupakia silikoni humo, itabidi ukwangue hadi ufike kwenye poliurethani yenyewe, si kufuta juu juu.

Sasa ukaguzi. Litoe bakuli kwenye mashine, lioshe, likaushe, kisha ingia chumba chenye giza uwashe tochi kwa ndani. Kama bakuli si jeusi tii, penye unene utaona kiza na palipolika mwanga utapenya, na utashangaa jinsi mpaka unavyoonekana wazi: mara nyingi ni pete inayozunguka chini, ila upande mmoja umelika zaidi. Kama ni jeusi, tumia kidole gumba kwa nje na vidole vingine kwa ndani, bana, uzunguke nalo taratibu. Mahali pembamba panabonyea kirahisi. Linganisha na karibu na mdomo, ambako halijaguswa. Mimi nikiona mahali popote pamebaki nusu ya unene wa mwanzo, nalitengeneza. Ukingoja zaidi ya hapo, kiraka kinakosa cha kushikilia.

Kabla hujaamini kwamba limetoboka, weka maji, lisimamishe juu ya karatasi kavu usiku kucha. Asubuhi angalia doa liko wapi. Mabakuli mengi yanayodaiwa kutoboka yanavujia kwenye tundu la bolti ya katikati, kwa sababu washa ya mpira imekauka au nati imelegea. Hilo ni jambo la washa mpya, halihitaji kiraka. Lakini usilipuuze, kwani tope linaloshuka pale linaingia kwenye beringi na mota, na vitu hivyo ni ghali kuliko bakuli.

Kitu ninachokiamini kwa kiraka ni poliurethani ya sehemu mbili, ile ya kumimina kwenye kalibu, yenye ugumu wa karibu 80 kwa Shore A, kipimo cha ugumu wa vitu vya mpira. Ikiwa laini sana itachanika, na ikizidi 90 inaanza kuwa na tabia ya plastiki. Ukiikosa, gundi nyeusi ya kubandikia kioo cha mbele cha gari inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nayo ni poliurethani. Tofauti ni kwamba inakauka kwa unyevu wa hewa, kutoka juu kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku. Ukipaka nene kwa mkupuo, juu itakuwa imekauka na ndani bado mbichi. Paka nyembamba, ngoja, paka tena.

Hapa sasa ndipo kiraka kinapoponea au kufia: maandalizi. Bakuli lililofanya kazi lina tope kwenye vinyweleo vyake, hata kama kwa macho unaliona safi. Lisugue kwa maji ya moto na sabuni, brashi ngumu, suuza, rudia. Kisha chukua karatasi ya msasa inayostahimili maji, namba 60 au 80, usugue sehemu yote iliyolika na upana wa vidole viwili zaidi ya hapo pande zote. Fanya hivyo bakuli likiwa na unyevu, vumbi lisiruke, maana tope lililokauka lina vumbi la mawe yenye silika na hilo halifai kuingia mapafuni. Unatafuta sura moja tu: mng'ao wote uondoke, ibaki rangi ya kufifia, sawia. Ukiona madoa yanayong'aa katikati, gundi haitashika hapo.

Kisha likaushe kwa uhakika. Likae mahali penye joto na hewa siku mbili, hata kama kwa mkono unaona limekauka baada ya saa moja. Poliurethani inafyonza maji kidogo, na kemikali iliyomo kwenye sehemu moja ya mchanganyiko, isosaineti, ikikutana na maji inatoa kaboni dioksaidi. Ndiyo yale mapovu unayoyaona kwenye viraka vya watu, na kila povu ni tundu linalosubiri kufunguliwa na msasa. Mwisho pitisha kitambaa cheupe chenye spiriti ya isopropili, badilisha kitambaa, pitisha tena, hadi kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Spiriti ikishakauka kabisa, usipaguse tena kwa vidole vitupu. Mafuta ya mkono yanatosha kuharibu kazi ya siku mbili.

Kupima uwiano tumia mizani ya dijitali, kwa uzito alioandika mtengenezaji. Kukadiria kwa macho kunazaa kiraka kinachonata milele. Koroga polepole usiingize hewa, kwangua kuta za kikombe, kisha mimina kwenye kikombe kingine ukoroge tena, kwa sababu kilichoganda kwenye kuta za kikombe cha kwanza mara nyingi hakijachanganyika. Vaa glavu na miwani, fanya kazi hewa ikipita. Mvuke wa isosaineti unaweza kumfanya mtu apate mzio wa kifua usioondoka, kwa hiyo hapa sifanyi mzaha hata kidogo.

Kama pete nzima imelika, liweke bakuli sawa kwa kipima usawa na umimine kuzunguka, tabaka nyembamba. Kama ni upande mmoja, liinamishe ili palipolika pawe ndipo chini kabisa, lizuie kwa mchanga au matambara lisiteleze, acha poliurethani itulie yenyewe. Tabaka la pili liwekwe la kwanza likiwa bado linanata kidogo. Likishakauka kabisa itabidi usugue msasa tena. Mapovu yatoboe kwa sindano. La muhimu kuliko yote ni ukingo: ufifie hadi uishe, pasiwe na ngazi. Ngazi ndogo tu inakusanya punje za msasa, punje zinachimba chini yake, na zikibaki hapo zitakuja kukuchorea mawe ukifika hatua ya kung'arisha. Pitisha ukucha, ukikwama, ukingo haujawa tayari.

Acha likae. Baada ya siku moja litaonekana kama limekauka, lakini poliurethani nyingi za aina hii hufikia nguvu yake kamili baada ya kama siku saba kwenye joto la kawaida. Fuata lebo. Likishakomaa, usianze na unga mkali. Endesha saa chache na vidonge vya kauri (vile vya kujazia mzigo), maji na sabuni kidogo, halafu kagua ukingo tena kwa ukucha. Angalia pia mzigo unavyozunguka. Uzito ulioongeza unaweza kuubadilisha mtetemo, hasa ukiwa umelundikana upande mmoja, na utaona mawe yanazunguka kwa uvivu au yanasimama mahali. Punguza mzigo kidogo kwanza kabla hujagusa mota au springi.

Wenye mapipa ya mpira ya kuzunguka, yenu ni rahisi zaidi. Kiraka cha tyubu na solusheni yake kinashika vizuri kwenye mpira uliosuguliwa na kukaushwa. Kinachosahaulika ni kwamba pipa linaweza kuchoka bila kutoboka: zile pembe za ndani zinazobeba mawe juu zikilika, mawe yanateleza kama shuka moja badala ya kubiringika, na mtu anaanza kulaumu unga wake. Bandika vipande vyembamba vya mpira kwa urefu wa pipa, kazi inarudi. Kwa nje, futa tope kwenye roli zinazolizungusha pipa kila unapofungua, kwani punje moja iliyonasa hapo inakata pipa mzunguko mzima. Na mfuniko ukivimba, fungua utoe gesi. Pipa lililovimba linasugua kwenye fremu na kulika mahali ambapo halikupaswa kugusana na kitu.

Sasa kuhusu kulifanya lidumu, ambalo kwangu ni kubwa kuliko kiraka chenyewe. Jambo linalookoa mabakuli ya mtetemo kuliko mengine yote ni kutofanyia humo hatua ya unga mkali. Iachie pipa la kuzunguka, mawe yaje kwenye mtetemo yakiwa yameshakuwa mviringo, uanze na unga laini zaidi, namba 120/220 au 500. Mawe mabichi yenye makali yanakata. Yale yenye ncha zigonge kwanza zivunjike. Ujazo nao usiubanie. Bakuli lililojazwa nusu linawapa mawe nafasi ya kurushwa na kupiga ukuta, wakati lililojaa kadiri ya maelekezo ya mashine linabiringisha mzigo kwa pamoja. Mawe yakiwa machache, jazia kwa vidonge vya kauri, vidogo kwa vikubwa. Maji yakizidi, unga unaoshwa kwenye mawe na kwenda kukaa chini, pale pale kwenye mpindo. Yakipungua, tope linakuwa zito na mzigo unakwama. Tope zuri linafunika mawe bila kuchuruzika.

Usiache tope likaukie humo. Osha siku hiyo hiyo, na maji ya tope yamwagie kwenye ndoo yatulie, yasiende kwenye bomba la jikoni, maana yanaganda kama saruji. Hifadhi bakuli mbali na jua.

Bakuli lenye kiraka lipe kazi za unga tu, na la kung'arishia liwe jingine ambalo halijawahi kuona unga mkali. Punje zilizozama kwenye ukuta wa zamani hutoka zinapotaka zenyewe, na moja inatosha kuchora mzigo mzima.

Kuna hali ambayo sishauri kutengeneza. Kama ufa umetokea kwenye kitako cha nguzo ya katikati au kwenye tundu la bolti, hapo ndipo nguvu yote ya mtetemo inapopita, na kiraka hakitaubeba. Vilevile kama poliurethani yenyewe imeanza kunata au kumeguka kama jibini, imeoza kwa unyevu na umri, na hutapata cha kushikia gundi.

Kwa maelezo yako sidhani kama umefika huko. Piga tochi leo usiku, kisha utuambie unene uliobaki kwenye mpindo na ule wa karibu na mdomo, na kama bakuli ni jeusi au linapitisha mwanga. Nitakwambia kama tabaka moja linatosha.